Mtoto Mdogo na Simu: Tuliyoyaona Baina ya Muleba na Bukoba



  



Walimu wetu wa madrasa walipotuomba tuandike chochote katika jarida la mwaka huu, tuliona tusiende mbali. Tuandike jambo lililotusumbua sisi wenyewe nyumbani, baba na mama, na ambalo tunajua linazisumbua nyumba nyingi zenye watoto hapa madrasa: Je, mtoto mdogo wa miaka 6, 7 au 9 anahitaji kuwa na simu yake, japo ile nyepesi ya kupiga na kupokea tu? Tunasema mapema kuwa sisi si masheikh wala si mafundi wa mitambo. Ni wazazi. Kazi zetu ziko Muleba mjini, na watoto wetu wawili wadogo wanakaa Bukoba kwa bibi yao, Hamugembe, kwa ajili ya shule na madrasa. Mwisho wa juma tunapanda Hiace kuwafuata, karibu kilometa 70, au wanaletwa kwetu.

Jambo lenyewe lilianza siku ya mvua, mwezi wa Novemba mwaka jana, katika msimu wa senene. Wenyeji wa Bukoba mnaijua mvua ya mwezi huo. Mto Kanoni ulijaa, maji yakapanda barabarani, na kijana wa bodaboda ambaye huwachukua watoto baada ya Alasiri akashindwa kuvuka. Watoto walisubiri kizingitini. Mwalimu wa zamu alikuwa amekwenda kuwavusha wenzao wa upande wa pili, na kabla hajarudi binti yetu wa miaka 9 akamshika mkono mdogo wake wa miaka 6, wakaanza safari kwa miguu. Si kwamba aliasi. Alimhofia Bibi, kwa kuwa alijua Bibi ana homa siku ile na yuko peke yake.

Wakapotea njia walipojaribu kuyakwepa maji. Waliishia kwenye meza ya mama mmoja anayekaanga samaki, wameloa, mdogo analia. Mama yule, Allah amlipe kheri, aliwafunika khanga yake, akatoa simu kiunoni na kusema, "Haya mwanangu, nitajie namba ya baba tumpigie." Binti yetu akajibu, "Iko kwenye simu ya Bibi. Imeandikwa Baba."

Mama yule alicheka kwanza. Kisha alipoona mtoto hatanii, akanyamaza.

Wakati huo sisi tulikuwa Muleba na simu mbili mkononi, zote zina salio, zote zina chaji. Bibi alikuwa ametupigia. Sisi tukampigia ustadhi, ustadhi akampigia kijana wa bodaboda, kijana akatupigia sisi. Simu zilizunguka baina ya watu wazima kwa muda wa saa mbili, na hakuna hata moja iliyofika pale walipokuwa watoto. Walipatikana baada ya Magharibi, pale jirani yetu aliyekuwa akitoka msikitini alipopita kwenye meza ya samaki na kuwatambua. Alhamdulillah. Tukamwambia mama wa samaki, kasinge waitu, tukakosa neno la kuongeza.

Jumamosi iliyofuata tulikaa na watoto. Tulikuwa tumejiandaa kutoa nasaha juu ya kutoka madrasa bila ruhusa. Binti akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, halafu akasema, "Lakini Baba, ningekuwa na simu ningekupigia." Tukaangaliana. Ni hoja ambayo si rahisi kuijibu, hasa ukiwa umeshika simu yako mkononi.

Hapo ndipo tulipohitilafiana, na hatuoni aibu kulisema. Baba alitaka kununua kitochi siku ileile, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi ambayo wengi wetu tulianza nayo. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ndiyo iliyozifanya simu za tochi zipendwe hadi vijijini, na hata leo simu za namna hiyo zinauzwa kwa bei ambayo mkulima wa kahawa anaimudu. Mama alikataa. Alisema mtoto wa miaka 9 hajui hata kutunza kalamu.

Baba alikuwa na sababu yake ya zamani. Mwaka 1996 alikuwa mtoto. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mdogo aliyekwenda Mwanza kufuata bidhaa, na alitakiwa kusafiri kwa meli wiki ile ambayo MV Bukoba ilizama, Jumanne ya tarehe 21 Mei. Meli ile ilitoka Bukoba ikapitia Kemondo, ikapinduka asubuhi ikiwa inakaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafariki. Nyumba nyingi za Kagera zina jina la mtu aliyekuwa ndani yake. Nyumbani kwao hapakuwa na simu. Kilichokuwapo ni Radio Tanzania, na watu walikaa wameizunguka kama wanaota moto. Kwa siku mbili hawakujua kama babu wa watoto wetu alikuwa ameabiri au la. Siku ya tatu akatokea njiani kwa miguu, ameshuka kwenye lori. Siku ile ya safari alikosa tiketi akabaki Kemondo kwa jamaa zake, na kwa kuwa kila mtu alikuwa katika msiba hakuona la ajabu kuchelewa. Aliyekaa siku mbili za namna hiyo akiwa na umri wa miaka 10 hawezi kuichukulia simu kuwa ni anasa. Baba wa nyumba hii anasema, laiti ingekuwapo simu moja tu pale Kemondo na moja kijijini kwetu.

Mama naye alikuwa na jibu lake, nalo ni la mwaka 2016. Wengi mnaikumbuka Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba, siku chache kabla ya Idd el-Hajj. Ilikuwa yapata saa 9 na nusu alasiri, ardhi ya Bukoba ikatikisika. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, nyumba nyingi zikaanguka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Kaka yao mkubwa wa hawa wawili, ambaye leo yuko bweni, wakati ule alikuwa na miaka 7 na siku ile alikuwa madrasa. Sisi tulikuwa Muleba, nako kulitikisika. Tukachukua simu. Tulipiga, tukapiga, tukapiga. Kila mtu wa mkoa mzima alikuwa akipiga saa ileile, na simu zetu hazikupita mpaka usiku. Tulipanda gari bila kujua tunakwenda kukuta nini.

Tulimkuta mtoto amekaa uwanjani pamoja na wenzake, juu ya mkeka, wanasoma Suratul Zilzaal. Ustadhi alikuwa amewatoa wote nje kwa mstari, akawahesabu, akakataa kumwachia mtoto yeyote ila kwa mtu anayemjua. Wengine walichukuliwa usiku. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa na simu, na hakuna hata mmoja aliyepotea. Mama anasema: siku ile, kama kila mtoto angekuwa na simu mfukoni, zote zingekuwa vipande vya plastiki tu. Kilichowalinda ni mtu mzima aliyejua wajibu wake.

Mtaona, ndugu wasomaji, kwamba wote wawili walikuwa na haki. Mwaka 1996 lililokosekana ni habari. Mwaka 2016 simu zilikuwapo tele na habari haikupita.

Swali hili si la kwetu peke yetu. Kule Uingereza, mwaka 2004 na 2005, kampuni moja ilitoa simu iitwayo MyMo, ya watoto wa miaka 4 hadi 8, yenye vitufe vichache vya kupigia namba alizochagua mzazi. Januari 2005 mwanasayansi mkubwa wa nchi ile, Sir William Stewart, aliwashauri wazazi wasiwape simu watoto walio chini ya miaka 8, kwa tahadhari ya afya, maana madhara ya mionzi kwa watoto wadogo yalikuwa hayajajulikana vema. Kampuni ikaacha kuiuza. Mwaka huohuo Marekani ikatoka nyingine, Firefly, yenye vitufe vitano, kimoja kina picha ya mama na kimoja cha baba. Kwa hiyo wenzetu walikwisha lijaribu hilo, na walikwisha gombana juu yake, miaka 20 iliyopita. Sasa wana saa za mkononi zinazopiga simu. Hatudhani kwamba zitatufaa hapa. Saa ya bei ile ikikaa kwenye mkono wa mtoto njia ya Kashai haitafika nyumbani.

Turudi kwetu. Kuna jambo ambalo wazazi wengi hatulizingatii. Kwetu Tanzania laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na Kitambulisho cha Taifa. Usajili huo ulianza Mei 2019, na mtakumbuka foleni za Januari 2020 kabla ya laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa tarehe 20. Kitambulisho hicho hupewa aliyetimiza miaka 18. Maana yake ni kwamba laini unayompa mtoto ni laini yako wewe mzazi. Akitukana mtu, wewe umetukana. Akiibwa simu na mwizi akaitumia kwa utapeli, namba itakayofuatwa na polisi ni ya kidole chako. Na juu ya laini hiyohiyo kuna pesa za mtandaoni. Jirani yetu mmoja hapa Muleba alimwachia mwanawe wa miaka 8 simu achezee. Akapiga mtu mwenye sauti ya upole, akasema yeye ni rafiki wa baba, akamwomba mtoto abonyeze hiki na kile na asome tarakimu zilizoandikwa. Mtoto alisoma vizuri sana, kwa sauti, kama anavyofundishwa darasani. Pesa ya ada ya muhula ikaondoka.

Mtoto yule hakukosea adabu. Alimtii mtu mzima, kama tulivyomfundisha. Hilo ndilo lililotutisha.

Basi tukaafikiana kufanya jaribio. Tulinunua kitochi, tukaweka laini isiyo na pesa za mtandaoni, lakini hatukumpa mtoto. Tulikipa nyumba. Bibi alikishonea kifuko cha kitambaa, akakitundika kwenye msumari karibu na mlango, chini ya saa ya ukutani, na kikawa ni simu ya nyumba kama zamani ilivyokuwa simu ya mezani kwa waliobahatika kuwa nayo. Ndani yake tukaandika namba nne: ya baba, ya mama, ya ustadhi na ya kijana wa bodaboda. Chaji yake hukaa siku tatu, nne, hata umeme ukikatika.

Salio hatukuliweka kwa wingi. Tuliwafundisha watoto kubipu. Vijana wa leo wenye vifurushi wanaweza kucheka, lakini sisi tuliokua wakati vocha ilikuwa ghali tunajua kwamba kubipu ni lugha kamili. Mlio mmoja ukakatwa: tumefika kutoka madrasa. Mara mbili mfululizo: tupigieni. Ikawa kila siku yapata saa 11 na nusu jioni simu ya mmoja wetu inalia mara moja na kunyamaza, na sisi tunasema Alhamdulillah na kuendelea na kazi. Hatujui kitu kingine kilichotupa utulivu mwingi kwa gharama ndogo kiasi kile.

Hata hivyo wiki ya pili mambo yakaharibika. Walibipu kwa sababu paka amezaa. Walibipu kwa sababu Bibi amepika ndizi bila samaki. Siku moja ya Ijumaa, baba akiwa msikitini Muleba na khatibu yuko juu ya mimbari, simu ikalia mara mbili, ikalia tena mara mbili, na tena. Baba alikuwa amesahau kuizima, kosa ni lake. Alitoka nje mbio akidhani Bibi amefariki. Ilikuwa ni ugomvi wa nani akae upande wa dirishani.

Hapo tukajiuliza kama watoto wamefundishwa adabu ya jambo hili au wamepewa chombo tu. Tukarejea Qur'an. Katika Suratun Nuur, aya ya 58, Allah (S.W.) anawaagiza waumini kwamba hata watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya Swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya Swala ya Isha. Tuliwasomea. Tuliwaambia kwamba simu ni mlango. Anayepiga anabisha hodi kwenye nyumba ya mtu hata kama yuko kilometa 70, na anaweza kumkuta amelala, anaswali au yumo katika shughuli. Na tukawakumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba hodi ni mara tatu, usipojibiwa rudi. Binti yetu, ambaye ana tabia ya kutafuta mwanya, akauliza: "Na kama kuna moto?" Tukamwambia kama kuna moto usipige simu, toka nje kwanza upige kelele, majirani wako karibu kuliko Muleba.

Tangu siku ile wamekuwa wastaarabu kiasi. Paka amezaa tena, tuliambiwa Jumamosi.

Lakini mtauliza, na ustadhi wetu aliuliza: kitochi kilicho msumarini kingewasaidia nini siku ile ya mvua, wakati wao wako kwenye meza ya samaki? Kweli, kisingewasaidia chochote. Siku ile simu ilikuwapo, tena ya bure, imetolewa na mama mwenye huruma. Kilichokosekana ni tarakimu 10 kichwani mwa mtoto.

Na hapa tunajilaumu sisi. Binti yetu amehifadhi Juzuu Amma. Sura 37, kuanzia Naba'a mpaka Naas, anazisoma bila kutazama, na akikosea i'rabu anajirekebisha. Kaka yake mdogo yuko Suratul Fajr. Watoto wenye vifua vya namna hiyo walishindwa kumwambia mama wa samaki namba ya baba yao kwa sababu sisi hatukuwahi kuwatajia. Tukijichunguza, hata sisi wenyewe tuligundua kwamba baba hajui namba ya mama kwa moyo. Zamani tulizijua namba za masanduku ya posta za jamaa zetu wote. Sasa tumeiachia simu ikumbuke badala yetu, na simu ikizimika tunakuwa mayatima.

Ustadhi alilichukua jambo hili akalifanya kazi ya madrasa. Kila Alhamisi, baada ya muraja'a, kila mtoto wa darasa la chini anasimama na kusoma namba ya mzazi au mlezi wake. Mwanzoni walisoma kwa mahadhi kama wanasoma sura, na wenzao wakawa wanaitikia, mpaka ustadhi akawakataza kwa kuwa namba ya simu si Qur'an. Sasa wanaisoma kawaida, mbilimbili, tatutatu. Watoto wa miaka 6 waliweza kwa siku nne. Kwa wazazi wanaobadili laini kila mwezi, tafadhali waambieni watoto.

Limebaki jambo moja, zito kuliko yote, na tulifikiria sana kama liandikwe katika jarida la watoto. Tumeona liandikwe.

Namba zote nne tulizoweka kwenye kitochi ni za watu wazima tunaowaamini. Ipo siku mama wa nyumba hii aliuliza, usiku, taa imezimwa: "Na kama anayemdhuru mtoto ni mmoja wa hao wanne?" Baba alikasirika. Aliona ni kuwavunjia heshima ustadhi, kijana wa watu, na yeye mwenyewe. Mama akasema hamtuhumu yeyote, ila anajua, na sisi sote tunajua kutokana na kesi zinazofika mahakamani, kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu ambaye mtoto anamjua na wazazi wanamwamini. Mtoto wa namna hiyo ampigie nani? Simu iko msumarini mbele ya watu wote. Kila namba iliyomo inarudi kwa wakubwa walewale.

Ipo namba moja ambayo ni ya watoto wenyewe. Ni 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, inayoendeshwa na asasi ya C-Sema kwa kushirikiana na Serikali. Kupiga ni bure, hata simu isiyo na salio. Namba hiyohiyo, 116, ndiyo inayotumika Kenya na Uganda, kwa hiyo hata ndugu zetu wa ng'ambo ya Mutukula wanayo. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe, na mtu mzima anayemhofia mtoto anaweza kupiga pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtaka mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Tukiulizwa kama watoto wadogo wanahitaji huduma yao nyepesi ya simu, jibu letu kwa sehemu hii ni ndiyo, na tayari ipo, ila wengi hatujawaambia.

Baba hakukubali mara moja. Alisema Uislamu unatuamrisha kusitiriana, na kwamba mtoto akifundishwa kupiga kwa wageni siku atakayonyimwa sukari atamshitaki bibi yake. Ni hofu ambayo wazazi wengi wanayo na si ya kuichekea. Tulikwenda kwa sheikh mmoja mzee, tukamweleza wote wawili. Hakutuhutubia. Alitutajia aya ya 135 ya Suratun Nisaa, ambayo inawaamuru walioamini wasimamie uadilifu, hata kama ni dhidi ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao. Kisha akasema kusitiri ni kwa mtu aliyeteleza katika aibu yake mwenyewe. Dhulma juu ya mtoto ina mwenye haki yake, naye ni mtoto, na hakuna aliyetupa idhini ya kusamehe kwa niaba yake. Baba alinyamaza njia nzima tuliporudi. Jioni aliitia namba ile kwenye kitochi yeye mwenyewe, ikawa ya tano.

Kuhusu kunyimwa sukari, tulikaa na watoto tukawaeleza tofauti, kwa maneno yanayolingana na umri wao. Kuna kukatazwa na kuadhibiwa kwa adabu, hapo unalalamika kwa Mama. Kuna mtu kukugusa pasipostahiki, au kukuumiza, au kukuambia "hii ni siri yetu, usimwambie mama". Hapo unamwambia mama, na mama asiposikia unamwambia mwalimu, na mwalimu asiposikia unapiga 116 kwa simu yoyote utakayoipata. Mdogo aliuliza kama na mama wa samaki anaruhusiwa kumpigia. Tukasema anaruhusiwa.

Tunakiri kwamba kwa mtoto wa miaka 6 njia hii ni ndefu. Mtoto aliyeogopeshwa hafiki hata hatua ya kwanza. Mama bado anaona kwamba mtoto akitimiza miaka 10 na anakaa mbali na wazazi, kama wetu, kitochi chake mwenyewe ni haki, ili awe na mahali pa kupigia bila macho ya mtu. Baba anaona bado. Shule zetu hazitaki mwanafunzi aje na simu, kwa hiyo itakuwa ni simu ya kuficha, na mtoto anayeficha simu ataficha na mengine. Binti yetu atatimiza miaka 10 mwezi wa Rajabu.

Kwa sasa madrasa imetenga simu moja ya vitufe, anakaa nayo mwalimu wa zamu, na hatoki mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe. Ukutani, kwenye ukumbi wa kuingilia pale wanapovulia viatu, pameandikwa 116 kwa chaki, kwa urefu ambao mtoto mdogo anaweza kusoma. Imefutika mara mbili, hatujui ni mvua au ni mtu. Mara zote mbili ustadhi ameiandika upya, na kamati imekubali kwamba likizo ya Ramadhani itaandikwa kwa rangi ya mafuta, mzazi mmoja wa Rwamishenye amejitolea kopo.